Phrasal verbs za Kiingereza: ujifunze kwa kitenzi, kwa kineno au kwa hali?

Mtu anaweza kuijua “put” tangu darasa la kwanza, akaijua na “off” vilevile, kisha akasoma “The meeting has been put off” na bado akafika ukumbini siku ambayo hakuna mkutano. Maneno yote mawili anayajua. Kilichomponyoka ni maana inayozaliwa yakikaa pamoja. Ndivyo zilivyo phrasal verbs: kitenzi chepesi, mara nyingi cha silabi moja, kikifuatwa na kineno kimoja au viwili kama up, off, out, on au with, na maana inageuka. Give ni kutoa. Give up ni kukata tamaa, au kuacha jambo ulilozoea. Look ni kutazama. Look after ni kutunza, look into ni kuchunguza, look down on ni kudharau.

Vifaa vya kujifunzia havikosekani. Orodha ziko tele, programu za simu ziko tele, video ndiyo usiseme. Kinachowashinda wengi ni kuamua wazipange vipi: wafuate kitenzi, wafuate kineno, wafuate hali za maisha, wafuate orodha ya zinazotumika sana, au wasome na kusikiliza tu na kuziokota humo humo? Nitaziweka njia hizi sambamba, na nyingi nitazipima kwa kitu kimoja, put off, kwa sababu ina maana tatu zilizo hai: kuahirisha, kumwondolea mtu hamu ya kitu, na, hasa Uingereza, kumpotezea mtu umakini.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Anayetaka kuongea, njia ya hali itamfikisha haraka zaidi. Anayetaka kuelewa anachosoma na kusikia, njia ya kineno inalipa kuliko watu wanavyodhani. Njia ya kitenzi, ambayo ndiyo wengi tulianzishiwa nayo, naiona dhaifu kuliko zote.

Kwa kitenzi

Hii ni ile ya orodha. Unaandika get juu ya ukurasa, chini yake unapanga get up, get on, get off, get over, get by, get along, get away with, kisha unahamia kwa look, take na put. Kwenye daftari inapendeza. Taabu inaanza kesho yake, maana vitu vilivyofanana nusu hugombania nafasi moja kichwani. Aliyesoma look for, look after, look into na look up jioni moja huamka akikumbuka kwamba kuna ya kutafuta na kuna ya kutunza, ila ipi ni ipi hana hakika.

Tena kitenzi chenyewe hakisaidii kukisia. Put off kwenye orodha inakaa jirani na put on, put out na put up with. Ya kwanza ni kuvaa, ya pili ni kuzima moto, ya tatu ni kuvumilia. Ukiitazama put kwa saa nzima haitakuonyesha njia ya kufika kwenye hata moja kati ya hizo.

Nisiionee lakini. Kwa marejeo inafaa, kwani kamusi zenyewe zimepangwa hivyo. Na kama unakabiliwa na mtihani wa kujaza nafasi, ule unaokupa “He takes ___ his father” na vineno vinne vya kuchagua, orodha ya kitenzi ndiyo inayofanana na swali. Itumie siku za marudio, wakati kila kitenzi umeshakutana nacho mahali pengine na unataka tu kuona umebakiza nini.

Kwa kineno

Hapa mpango unageuzwa: unaanza na off, au up, na kuuliza kineno hicho hufanya kazi gani popote kinapoonekana. Mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji mkubwa katika hili, sijui kwa nini walimu hawautumii zaidi. Tangu utotoni anajua kwamba kipande kidogo kinaweza kupindua kitenzi kizima: funga na fungua, ziba na zibua, kimbia, kimbilia na kimbiza. Sisi kipande hicho tunakishona ndani ya neno. Kiingereza hukiacha nje, kikisimama peke yake.

Tuanze na off. Kazi yake kubwa ni kutenganisha. “Take off your shoes”: viatu viachane na miguu. “The plane took off”: ndege imeachana na ardhi. “We were cut off”: mazungumzo ya simu yamekatika. Set off ni kuondoka kwenda safari, log off ni kutoka kwenye akaunti. Sasa irudie put off. Kuahirisha ni kusukuma jambo mbali na siku yake. “The smell put me off” ni harufu kukusukuma mbali na kitu ulichokuwa unakitamani. “Stop humming, you're putting me off” ni mlio unaokutoa kwenye unachokifanya. Zile maana tatu ambazo kwenye orodha zilionekana hazijuani, kumbe ni ndugu.

Up ina ukoo mpana zaidi, na inastahili kukaa nayo. Asili yake ni kupanda: stand up, climb up. Kinachopanda kinaongezeka, ndiyo tunapata speed up, turn up the volume, prices went up. Kinachoongezeka mwishowe hujaa, fill up, na kilichofika ukomo kimekamilika, ndiyo tunapata eat up, drink up, use up. Angalia tofauti ya “He ate the bread” na “He ate up the bread”. Ya kwanza inasema alikula mkate. Ya pili inasema hakubakiza hata chembe. Kiswahili chetu kingehitaji neno zima, “wote” au “kabisa”, kusema kile ambacho up inakisema kwa silabi moja. Kisha kuna up ya kujitokeza: turn up, show up, come up. Mtu aliyesubiriwa hatimaye anatokea. Tatizo ambalo halikuwepo linaibuka.

Zilizobaki nazipitia haraka. Down hupunguza na kusimamisha: slow down, calm down, break down, shut down, pia huteremsha mawazo kwenye karatasi: write down, note down. On huendeleza: go on, carry on, keep on. Out hutoa nje, na kilichotoka nje kinajulikana, kwa hiyo find out, work out, figure out. Au kinakwisha, kwa hiyo run out, sold out, na moto unaosemwa “has gone out”. Over hupitia jambo upya: go over, think over, look over.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba kineno hakitabiri kila kitu. Fill in a form na fill out a form ni kujaza fomu ile ile, ingawa in na out ni kinyume. Nyumba hu-burn down na karatasi hu-burn up, na zote mbili zimeteketea. Put up with unaweza kuitafutia maelezo ukitaka, lakini utakuwa umetunga hadithi ndefu kwa ajili ya maneno matatu. Kipimo ninachokiamini ni hiki: maelezo yakichukua muda mrefu kuliko kukariri, kariri.

Na kuna udhaifu mwingine uliojificha. Njia ya kineno inafungua masikio, mdomo inauacha ulivyokuwa. Utaielewa put off ukiisikia, lakini siku ya kuahirisha jambo wewe mwenyewe, ulimi utaleta postpone.

Kwa hali

Njia hii inachukua mahali au shughuli moja na kukusanya vitenzi vyote vinavyohitajika hapo, vikiwa ndani ya sentensi kamili. Chukua simu. Unapiga na kumpata unayemtaka: get through. Anayepokea anakuunganisha na mwingine: “I'll put you through.” Anakuomba usubiri: “Hold on.” Sauti ni ndogo: “Could you speak up?” Laini inakatika: “We got cut off.” Utapiga baadaye: “I'll call you back.” Mwenzako anakata kwa hasira: “She hung up on me.” Mazungumzo mafupi ya simu yamebeba vitenzi saba, na kila kimoja kimeshikamana na tukio unaloliona. Hata get through na put through, ambazo kwenye orodha zingechanganyika, hapa hazichanganyiki. Mmoja ni wewe unafika, mwingine ni yule anayekupitisha.

Hali ya kazini ndiyo inayoonyesha kwa nini njia hii ina thamani. Tazama mkutano mmoja ukipewa vitenzi vinne. “The meeting has been put off”: utakuwepo, siku nyingine. “The meeting has been called off”: haupo tena. “The meeting has been brought forward”: umesogezwa, lakini kuja karibu, utafanyika mapema kuliko ilivyopangwa. “The meeting has been pushed back”: umesogezwa mbele ya kalenda, utachelewa. Forward na back hapa zinawapotosha wengi, kwa sababu mtu husikia forward akadhani ni mbele, yaani baadaye. Huwezi kulijua hilo kwa kukisia, wala orodha ya put haitakuambia, kwa kuwa ndugu wa kweli wa put off katika maisha ni call off na bring forward. Mwenye kujua hivi vinne akivilinganisha kwa pamoja hafiki ukumbini siku isiyo yake.

Njia ya hali pia ndiyo inayorekebisha makosa tuliyoyazoea. Wengi wetu husema “I'll pick you at five”, tukiisahau up, inatakiwa “I'll pick you up at five.” Wengine huiongeza mahali isipotakiwa: “cope up with” haipo, ni cope with. Na “put off the light” inasikika sana midomoni mwa Waafrika, ilhali Waingereza na Wamarekani wa leo husema turn off au switch off. Makosa kama haya hayaondoki kwa kusoma kanuni. Yanaondoka kwa kuisema sentensi sahihi mara nyingi mpaka ile ya zamani ianze kusikika ngeni.

Gharama yake? Hali hazina mwisho, na kila hali hukupa maana moja tu ya kitenzi. Aliyejifunza pick up ya kupokea simu hajajua bado kwamba mtu hu-pick up lugha kwa kuisikia mitaani, kwamba mauzo yakianza kupanda yana-pick up, na kwamba mafua pia unaya-pick up. Ukifuata hali peke yake unaweza kuwa hodari wa uwanja wa ndege na bado ukaduwaa mbele ya ukurasa mmoja wa riwaya.

Kwa orodha ya zinazotumika sana

Kamusi kubwa zina maelfu ya vitenzi hivi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Utafiti wa matini unatuliza moyo. Mwaka 2007 Dee Gardner na Mark Davies walichambua British National Corpus, hazina ya maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, wakakuta kwamba phrasal verbs 100 tu zinabeba zaidi ya nusu ya matumizi yote ya vitenzi vya aina hii. Mwaka 2015 Mélodie Garnier na Norbert Schmitt wakatoa orodha ya 150 pamoja na maana 288 ambazo kweli watu huzitumia. Kwa wastani ni karibu maana mbili kwa kila kitenzi, hata pale kamusi inapoorodhesha maana nyingi zaidi.

Faida ya orodha kama hii ni kukuambia nini cha kuacha. Ukikuta kitenzi katika video ya “phrasal verbs kali za kuzungumza kama Mzungu” na hakimo kwenye orodha hizi, kiache kipite. Go on, pick up, come back, find out, come up, set up, carry out: hizi zitakurudishia jasho lako kila siku.

Ila orodha ni chujio tu. Usiisome kutoka juu hadi chini kama unavyokariri majedwali ya hesabu. Inakupa go on, kisha pick up, kisha come back, bila uhusiano wowote, na baada ya ukurasa mmoja unakuwa umerudi kwenye matatizo yale yale ya njia ya kwanza. Ichukue ukaigawe kwenye hali zako: hizi za kazini, hizi za safari, hizi za nyumbani.

Kuziokota kwa kusoma na kusikiliza

Wapo wanaoapa kwamba hakuna haja ya mpango wowote, usome na kutazama vipindi tu. Kwa aliyefika kiwango cha kati naikubali njia hii kwa moyo wote. Kwa anayeanza ni polepole mno, kwani kitenzi kimoja kinaweza kukawia kurasa nyingi kabla ya kujirudia, na kufikia hapo umeshakisahau.

Lakini kuna kitu ambacho sikio pekee ndilo linafundisha. Katika maongezi maneno haya huungana. “Put it off” hutamkwa kama neno moja, putitof, na Wamarekani huilegeza t hadi ikasikika karibu na r yetu. Ndiyo maana watu wengi walilifahamu “sharap” kabla ya kujua kwamba huandikwa shut up. Mkazo nao una kazi. Katika “turn it off” sauti huinuka kwenye off. Katika “look at it” huinuka kwenye look, at ikapita chini chini. Ukijizoeza kusikia mkazo huo, utaanza kuvitambua vitenzi hivi hata kabla ya kuvijua maana, na hiyo ni nusu ya safari kwa anayepata shida ya kufuata mazungumzo ya haraka.

Jambo ambalo hakuna njia inayokupa bure

Mpangilio wa maneno. Uchague njia yoyote, hili utalazimika kulijifunza kwa makusudi. Vitenzi vingine hutengana: “turn off the light” na “turn the light off” zote ni sahihi. Lakini kitu kikigeuka kuwa kiwakilishi kama it, them au him, lazima kikae katikati: “turn it off”. “Turn off it” ni kosa. Kiswahili kinakusaidia kulikumbuka hili. Tukisema “izime”, kile kiwakilishi i hatukiweki mwisho, tunakiingiza ndani ya kitenzi. Kiingereza nacho hukiingiza ndani, kati ya kitenzi na kineno chake.

Vingine havitengani kabisa: “look after him”, si “look him after”, “I ran into her”, si “I ran her into”. Na vya maneno matatu karibu vyote havikubali kukatwa katikati: “put up with it”, “run out of it”, “look forward to it”. Hii ya mwisho ina mtego wake. Baada ya to kinafuata kitenzi chenye -ing: “I look forward to hearing from you”. Barua nyingi za kuomba kazi huharibikia hapo, kwenye mstari wa mwisho kabisa.

Kamusi za wanafunzi huonyesha mpangilio huu kwa vifupisho: sth kwa kitu, sb kwa mtu. Ukiona “put sth off”, kitu kinaweza kuingia katikati. Ukiona “look after sb”, mtu anakaa mwisho. Kamusi isiyoonyesha hivyo haikufai kwa kazi hii, hata iwe nene kiasi gani.

Neno moja au mawili?

Swali hili huwasumbua hasa waliojifunza Kiingereza kwa vitabu: kwa nini nihangaike na put off wakati nina postpone? Kwa kusoma na kuandika rasmi, unaweza kwenda mbali bila hizo. Kwa kuishi na watu, hapana. Anayemwambia rafiki “I must postpone our lunch and then extinguish this candle” ameeleweka, ila anasikika kama tangazo la ofisini. Kinyume chake, barua ya mwanasheria iliyojaa put off na get out of inapwaya.

Lakini msifuate ile kanuni ya kwamba phrasal verbs zote ni lugha ya mitaani. Carry out, set up, point out na find out zimejaa katika ripoti na makala za kitaaluma, na hakuna anayezikodolea macho. Wake up na grow up hazina hata mbadala wa kawaida. Amua kwa kila moja peke yake, kwa kuangalia kamusi inasema ni rasmi au si rasmi.

Ugeni wa vitenzi hivi si wa leo, wala si wetu peke yetu. Samuel Johnson, alipochapisha kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika katika dibaji kwamba vitenzi vinavyobadilishwa maana na kineno ni miongoni mwa mambo yanayowapa wageni taabu kubwa zaidi, naye akajitahidi kuvikusanya.

Kadi, daftari au programu

Kuhusu vifaa sina mengi. Programu za simu zenye maswali ya kuchagua jibu hukuzoesha kutambua, si kutoa, na ukipata alama zote usidhani umeshaweza kusema. Daftari ni zuri la kukusanyia, baya la kukumbukia. Kadi naziweka juu ya vyote viwili, ziwe za karatasi au za kwenye simu. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba usahaulifu hukimbia sana mwanzoni kisha ukapunguza mwendo, na mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeleza mtindo wa masanduku: kadi uliyoikumbuka inasogea sanduku la kurudiwa baada ya muda mrefu zaidi, uliyoikosa inarudi sanduku la kwanza.

Kinacholeta tofauti zaidi ya kifaa ni kilichoandikwa juu ya kadi. Kadi ya “put off = ahirisha” ni kadi mbovu. Mbele andika tukio kwa Kiswahili: “Waambie wenzako kikao kimesogezwa hadi Jumatatu kwa sababu mkurugenzi anaumwa.” Nyuma: “They've put the meeting off until Monday because the director is ill.” Sema kwa sauti kabla ya kugeuza. Kadi nyingine kwa maana ya pili: “Nilitaka kununua ile nyumba, kelele za barabarani zikaniondolea hamu.” Nyuma: “I wanted to buy the house, but the traffic noise put me off.” Kila maana ipate kadi yake na tukio lake.

Basi uchague ipi?

Una mtihani karibu: orodha ya kitenzi, lakini pitisha kwanza kwenye chujio la zinazotumika sana, na ongeza mazoezi ya mahali pa it na them. Umepata kazi inayohitaji Kiingereza cha kuongea: njia ya hali, ukianza na hali zile utakazokutana nazo wiki hii, sio zile za kitabu. Unasoma chuo na vitabu vinakulemea, au unatazama filamu bila maandishi ya chini na unapotea: kineno, kwa utaratibu, off wiki moja, up wiki mbili, kwa kuwa up ni nzito. Unafundisha wengine: anza kwa hali, kisha vitenzi vikishakuwa vingi wapange wanafunzi wenyewe wavigawe kwa vineno na waseme wanaona nini. Wakigundua wenyewe kwamba take off, cut off na put off zina kitu kimoja, hawatalisahau.

Wapo pia wale wanaovijua vitenzi vingi na hawavitumii. Hili ni jambo la kawaida. Menachem Dagut na Batia Laufer waliandika mwaka 1985 juu ya wanafunzi wenye lugha ya Kiebrania waliokuwa wakivikwepa na kuchagua vitenzi vya neno moja. Kwa wote wanaovikwepa hivyo, kujifunza vingine vipya ni kuongeza mzigo. Wachukue ujumbe au barua pepe walizoandika wenyewe kwa Kiingereza mwezi uliopita, watafute kila postpone, discover, tolerate na continue walizowaandikia watu wanaowazoea, na waziandike upya: put off, find out, put up with, go on. Kisha wamtumie mtu ujumbe mmoja leo wenye mojawapo.